Uzoefu wangu: Kura ya filamu bubu katika ukumbi wa video, Tabora

Ukumbi wa video ninaouandikia maoni haya uko Tabora mjini, si mbali na stesheni ya reli, na wengi wetu tuliufahamu kwa mechi za Ulaya na filamu zilizotafsiriwa. Msimu huu wenye ukumbi walizitenga jioni za katikati ya wiki, zisizo na mechi, kwa ajili ya filamu bubu za zamani, na mwishoni watazamaji tukapiga kura kuchagua iliyotupendeza zaidi. Kwa mpenzi wa filamu hizo kama mimi, ambaye kwa miaka mingi nimezitazama peke yangu kwenye simu, huduma hii ina thamani kubwa kuliko kiingilio chake cha shilingi 1,000.

Kinachonifanya niiheshimu kura yenyewe ni sharti lake. Kila mtazamaji alipewa kadi iliyogongwa muhuri kila alipoingia, na ambaye kadi yake haikukamilika hakupewa karatasi ya kura. Jarida la Sight and Sound la Uingereza huwauliza wahakiki swali la namna hii kila baada ya miaka 10 tangu mwaka 1952, ambapo City Lights na The Gold Rush za Charlie Chaplin zilifungana katika nafasi ya pili. Lakini mhakiki anaweza kuitaja filamu aliyoiona ujanani na asiirudie tena. Sisi tulizitazama zote kwenye skrini moja, katika msimu mmoja, tukiwa bado tunazikumbuka vizuri, na hakuna aliyeweza kuipigia kura filamu kwa kusikia sifa zake tu.

Iliyoshinda, tena kwa tofauti kubwa, ni The General ya Buster Keaton, ya mwaka 1926. Anayeijua Tabora hatashangaa. Hapa ndipo njia ya Mwanza inapoachana na Reli ya Kati inayoendelea hadi Kigoma, na familia nyingi zina mzee aliyefanya kazi karakana au kwenye kichwa cha treni. Wazee hao walijaa ukumbini. Filamu inamhusu dereva wa treni wa Kusini mwa Marekani, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambaye kichwa chake cha treni kinaibwa na wapelelezi wa upande wa pili naye anawafuata peke yake. Kisa hicho kilitokana na tukio la kweli la mwaka 1862. Keaton, ambaye ndiye anayemwigiza dereva huyo, alitumia vichwa halisi vya mvuke. Kuna mahali anakaa, amezama katika huzuni, juu ya fito ya chuma inayounganisha magurudumu, na treni inaanza kuondoka naye hajitambui. Taa zilipowashwa, mzee mmoja aliyekuwa fundi wa karakana alitueleza kwamba dereva akizidisha mvuke kidogo tu magurudumu huteleza na kuzunguka kwa kasi ya ghafla, na kwamba aliyekaa pale angeweza kufa. Hata kichwa kinachotumbukia mtoni pamoja na daraja linaloungua ni kichwa halisi, kilichoangushwa katika mto wa Oregon bila nafasi ya kurudia. Filamu hii ilipotoka haikupata mapato yaliyotarajiwa, na wahakiki wengi wa wakati huo hawakuipenda. Sikuiweka ya kwanza kwenye karatasi yangu, lakini ushindi wake ulikuwa wa haki.

Kura yangu ya kwanza niliipa Sunrise ya F. W. Murnau, ya mwaka 1927, na hapa ndipo penye lalamiko langu kubwa. Inasimulia mkulima anayeshawishiwa na mwanamke wa mjini amzamishe mkewe ziwani, anashindwa kutenda hivyo, kisha wawili hao wanapatana upya mjini kabla ya dhoruba kuwakuta majini wakirudi nyumbani. Tofauti na filamu bubu nyingi, hii ilitolewa ikiwa na muziki wake uliorekodiwa kwenye ukanda wenyewe wa filamu, ukifuatana na kila tendo. Ukumbi uliuzima muziki huo na kuweka nyimbo za sasa kutoka kwenye kompyuta. Mke anapolia ndani ya tramu, spika zilikuwa zinapiga wimbo wa harusi. Filamu ambayo wahakiki wa Sight and Sound waliiweka nafasi ya tano mwaka 2012 ilipata kura chache sana kwetu, nami naamini hatukupewa nafasi ya kuihukumu.

Mtafsiri anastahili sifa. Maandishi yanayotokea kati ya picha yalikuwa ya Kiingereza, naye aliyasoma kwa Kiswahili safi, sauti ya taratibu, kwa namna iliyotukumbusha kanda za Lufufu, yule mtafsiri wa filamu. Japani, enzi za filamu bubu, wasimulizi wa aina hiyo waliitwa benshi, walisimama kando ya skrini, na baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Ninachomwomba ni kujua pa kunyamaza. Katika filamu ya Carl Dreyer ya mwaka 1928 kuhusu Jeanne d'Arc, msichana Mfaransa aliyehukumiwa kuchomwa moto, ambayo karibu yote ni nyuso zilizopigwa kwa karibu, aliendelea kueleza kile ambacho machozi ya Renée Falconetti, aliyemwigiza msichana huyo, yalikuwa yameshatuambia.

Nakala ya The Gold Rush ilikwenda mbio mno. Kamera nyingi za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, kwa kasi ndogo kuliko picha 24 kwa sekunde za filamu za sauti, na nakala isiyorekebishwa huwafanya watu watembee kama wanaokimbizwa. Viti ni vizuri, feni zinafanya kazi, na umeme ulipokatika jenereta iliwashwa upesi.

Wenye ukumbi wamesema kura itarudiwa msimu ujao na orodha mpya. Nimewaandikia kuomba Sunrise irudishwe ikiwa na muziki wake, ionyeshwe mapema badala ya usiku wa mwisho, na ipigiwe kura pamoja na City Lights, ambayo Chaplin aliitungia muziki yeye mwenyewe mwaka 1931.