Mikanda safi, mpango wa hovyo: washauri wa usalama walivyonichefua Mbeya

Kama uko Mbeya na unatafuta watu wa kukupangia usalama wa kazi za juu, soma hapa kabla hujatoa hela. Jina la kampuni silitaji. Mafundi wa paa kuanzia Uyole mpaka Iwambi watawajua tu.

Tulikuwa tunaezeka nyumba Isyesye, kipindi kile cha manyunyu ambapo bati likilowa hata paka anateleza. Mwenye nyumba, mama mmoja mstaarabu sana, akasema hataki msiba kwenye kiwanja chake. Akalipia kifurushi kizima: mikanda ya mwili mzima, kamba zenye kifuko cha kupunguza mshtuko, mafunzo ya asubuhi moja na mpango wa maandishi.

Huo mpango sasa! Umechapwa vizuri, una jalada la plastiki, halafu ukurasa wa pili unasema "mfanyakazi atapanda mnara". Mnara gani? Sisi tuna kenchi za mbao, yale mapembetatu yanayobeba paa. Ni wazi walichukua karatasi ya kazi ya watu wengine wakabadilisha jina la mteja.

Nikanyamaza. Mshauri mwenyewe akapanda kutuonyesha, akachukua ndoana ya kamba, akaipachika kwenye papi. Papi! Kibao cha mbili kwa mbili kilichoshikwa na msumari, tena kilipigwa jana yake na kijana anayejifunza. Kiwango cha Ulaya cha sehemu ya kufungia, EN 795, kinataka ihimili kilonyutoni 12, yaani zaidi ya tani moja. Ile papi ningeing'oa kwa nyundo nikiwa nimekaa.

Nikamwambia kwa heshima: "Mkuu, hapa ulipofunga mpaka chini kwenye zege hapafiki mita nne. Kamba ni mita mbili. Kifuko kikichanika kinaongeza mpaka mita 1.75. Mtu mwenyewe, kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo, weka mita moja na nusu, na chini ya miguu ibaki mita moja. Hiyo ni mita sita na robo. Huyu kijana atagonga zege kamba haijamaliza kazi."

Jibu lake, mbele ya saidia fundi wangu wote: "Fundi, kazi yako ni kuvaa. Hesabu tuachie sisi tuliosoma."

Hapo nilikuwa nimeshika koleo na nilijizuia. Mtu kavaa kofia mpya ambayo haijawahi kuona vumbi, ananiambia kazi yangu ni kuvaa! Na sehemu ya uokoaji ina mstari mmoja tu: piga 114. Zimamoto waitwe, sawa, lakini mtu akining'inia, mikanda inabana mapaja, damu inajikusanya miguuni, anaweza kuzimia kabla gari halijafika Isyesye. Nani anamshusha? Kwa ngazi ipi? Karatasi haisemi.

Haki yao niwape lakini. Mikanda yenyewe ni mizuri mno, mshono umekaza, vifungo havikwami hata mikono ikiwa na baridi. Na binti wao aliyeileta alitufundisha vizuri kuliko bosi wake: kunja utepe kwa mikono miwili, angalia nyuzi zilizokatika pale kwenye mkunjo, na mkanda ukishadaka mtu mara moja hautumiki tena. Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota nne.

Kazi tuliimaliza kwa akili zetu. Tulisimamisha mirunda, tukazungusha jukwaa nyumba nzima usawa wa fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, na reli ya mbao juu ya kiuno na nyingine katikati. Juu ya bati tulivaa mikanda yao, ila kwa kamba fupi iliyozungushwa kwenye kenchi zenyewe, mtu asifike ukingoni kabisa. Hakuna aliyeanguka.

Halafu juzi wakanipigia: kurekebisha mpango uendane na nyumba ya kawaida ni malipo ya ziada. Ya ziada! Basi nyota nne nimezifuta. Mikanda kanunueni kwao, mwombeni yule binti awahudumie. Mpango msiuguse. Mama anadai hela yake ya ile karatasi, na kila tukipiga tunaambiwa "tutawacheki".