Semina ya anti wa deikea: magoti yangu bado yanauma lakini ningelipa tena

Nimeulizwa na watu kama wanne hivi kama ile semina ya kufundisha walezi mambo ya watoto wachanga kujifunza kukaa, kutambaa na kutembea ilikuwa na maana ama pesa ilienda tu. Mimi niko na deikea ndogo huku Pipeline, watoto tisa, sita hawajafika mwaka, na anti mmoja wa kunisaidia. Tulilipa elfu tatu na mia tano kila mtu, Jumamosi mbili, chai na lanchi ndani. Jina la walioandaa siweki juu niko na malalamiko na sitaki maneno.

Imeandikwa saa tatu, tukaanza saa nne na nusu, hiyo mmezoea. Projekta ikakataa kuwaka na nashukuru Mungu, kwa sababu mwalimu aliachana na picha zake akatuambia wote tulale chini kwa tumbo. Hakuna aliyekuwa ametuambia tuvae suruali, leso ndizo zilituokoa. Kichwa juu, halafu nyoosha mkono mmoja ushike kifuniko cha chupa. Jaribu hiyo kitu nyumbani. Dakika mbili tu shingo inawaka moto, na ukitaka kunyoosha mkono wa kulia lazima uzito wote uhamie kushoto kwanza, na ni hapo nilielewa mtoto huwa anafanya kazi gani pale chini, mimi miaka yote nikidhani analia juu anataka kubebwa.

Halafu akamkalisha mwenzetu juu ya mito mitatu imepangwa ovyo, miguu haigusi chini, akamwambia aokote kalamu iko mbele yake. Alikataa kabisa, alishikilia mito na mikono yote miwili hata kutuangalia hakutaka. Wueh. Na mimi niko na watoto wanne huwa nawakalisha kwa beseni nimewazungushia leso, mama zao wakikuja nasema wametulia. Kumbe wamekwama.

Hiyo ni fikra ya Emmi Pikler, daktari wa watoto wa Hungaria aliyefungua nyumba ya kulea watoto Budapest 1946: usimweke mtoto mkao ambao hajaufikia mwenyewe, mwache chini atafika. WHO, Shirika la Afya Duniani, nao kwenye mwongozo wao wa 2019 wanasema mtoto ambaye hajaanza kutambaa awekwe kwa tumbo angalau dakika 30 kwa siku, unagawanya kidogo kidogo akiwa macho (usingizi bado ni chali), na asifungwe mahali zaidi ya saa moja mfululizo, na kufungwa mgongoni imetajwa pia, msinikasirikie mimi. Woka, vile vigari vya magurudumu vya kumsimamisha mtoto, ndio usiseme, Kanada walipiga marufuku kuziuza tangu 2004 na hapa mtu anakuletea mtoto na woka yake kama zawadi.

Sasa malalamiko. Mama mmoja mtu mzima wa Githurai aliinua mkono akasema kwao Bungoma walichimba shimo dogo, wakaweka nguo, mtoto akakaa humo, na wote walitembea. Mwalimu akacheka. Hapo aliniudhi, kwa sababu hiyo mambo nilisoma nikifanya diploma: 1976 mtafiti Charles Super aliandika kuhusu Wakipsigis wa kijiji cha Kokwet hapa Kenya, huko mama anamfundisha mtoto kukaa na kutembea kwa makusudi, na wakawatangulia watoto wa Marekani kwa karibu mwezi mmoja. Kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwatangulia. Sisemi turudi kwa shimo. Lakini huwezi kuja Nairobi kufundisha wanawake wamelea watoto wa ploti nzima, uanzie Budapest na umalizie Budapest.

Na mambo ya nafasi. Chumba changu ni futi kumi kwa kumi. Picha zao (projekta iliamka Jumamosi ya pili) zote ni sakafu ya mbao na dirisha kubwa. Nikauliza sisi tufanye nini, nikaambiwa nitumie ubunifu. Ubunifu gani unalaza mtoto kwa simiti mwezi wa saba?

Basi tumejipanga wenyewe: mkeka, blanketi nzito imekunjwa mara mbili, wachanga watatu watatu kwa zamu, wakubwa wanatoka na anti kwa korido. Beseni limerudi kwa nguo. Kuna mmoja wa miezi saba alinililia siku tatu mfululizo akitaka beseni lake, Alhamisi akapinduka mwenyewe kufuata kifuniko cha Blue Band, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Na mama wa yule wa miezi kumi na tatu asiyetembea nilimwonyesha chati ya WHO ya umri wa kuanza kutembea, inaenda kutoka miezi 8 mpaka karibu 18, akashusha pumzi.

Nawapa nne kwa tano. Endeni, lakini vaeni suruali na mbebe maswali ya chumba chenu. Cheti waliahidi wiki mbili, hii ni ya tano.