BMW i3 yenye jenereta ya petroli: gari la umeme lililotumika kwa mtu anayeishi mbali na kazini

Mtu anayefikiria kununua gari la umeme lililotumika, ilhali kazi yake iko mbali na nyumbani, huwa na wasiwasi mmoja unaoizidi mingine yote: je, betri hii iliyokwisha kuzeeka itanirudisha nyumbani jioni, hasa siku ya baridi au ya upepo mkali? Nimekuwa nikiendesha BMW i3 ya aina ya REx (kifupi cha range extender, yaani gari la umeme lililoongezewa jenereta ndogo ya petroli ili lifike mbali zaidi) kwa safari ya kazini inayofika takribani kilomita 140 kwenda na kurudi, sehemu kubwa yake ikiwa ni barabara kuu, na maoni yangu ni kwamba magari yanayoujibu wasiwasi huo vizuri kama hili ni machache sana, mradi mnunuzi aelewe tangu mwanzo injini yake ndogo imewekewa kazi gani.

Magari ya i3 yalitengenezwa Leipzig, Ujerumani, kuanzia mwaka 2013 hadi 2022. Chumba cha abiria kimeundwa kwa nyuzi za kaboni na kukalishwa juu ya fremu ya alumini inayobeba betri, na mota ya umeme yenye nguvu ya kilowati 125 huzungusha magurudumu ya nyuma. Katika REx, kando ya mota hiyo, chini ya sakafu ya buti, kumewekwa injini ya petroli ya silinda mbili yenye ujazo wa sentimita za ujazo 647, ya ukoo mmoja na ile ya skuta kubwa za BMW. Injini hii haiunganishwi na magurudumu hata kidogo. Kazi yake ni kuzungusha jenereta inayotoa takribani kilowati 25 za umeme, na petroli yake hukaa katika tangi la lita 9, ingawa magari ya soko la Marekani ya miaka ya mwanzo yaliwekewa programu inayozuia kutumia zaidi ya lita 7 na kidogo. Vyote hivyo huongeza uzito wa kama kilo 120.

Betri zilikuwa za vizazi vitatu. Ya kwanza, iitwayo 60 Ah (Ah ni ampea-saa, kipimo cha ukubwa wa betri), ilikuwa na kilowati-saa 22, ambazo dereva huweza kutumia karibu 19. Ya pili, 94 Ah, ilikuja mwaka 2016 ikiwa na kilowati-saa 33, za kutumika zikiwa kama 27. Na ya tatu, 120 Ah, ilitoka mwishoni mwa mwaka 2018. Ulaya waliiondoa REx sokoni ilipofika hiyo ya tatu, kwa hiyo magari mengi yaliyotumika utakayoyakuta ni ya betri mbili za mwanzo. Langu ni la 94 Ah.

Sasa nieleze kwa nini injini hii ina thamani kubwa zaidi katika gari lililotumika kuliko ilivyokuwa gari likiwa jipya. Tuchukue betri ya 94 Ah ambayo kwa uzee imebakiwa na kilowati-saa 24. Kwenye barabara kuu, kwa mwendo wa wastani, gari hutumia kilowati-saa 16 hadi 17 kwa kila kilomita 100, maana yake betri hiyo ingekwenda karibu kilomita 145 kabla ya kuisha kabisa. Lakini hakuna dereva mwenye busara anayepanga kufika nyumbani na sifuri. Mwenye gari la umeme tupu huacha walau sehemu moja ya tano kwa ajili ya foleni, mvua, barabara iliyofungwa au chaja mbovu, na hapo kilomita zake za kupangia zimeshuka hadi 115 hivi. Akiba haiozi, lakini akiba ya umeme ambayo hutaigusa kamwe ni mzigo unaoubeba kila siku. Katika REx, dharura zote hizo hubebwa na tangi la petroli, na betri inakuwa huru kutumika karibu yote. Uzee wa betri, ambao katika gari la umeme tupu ungekulazimisha kutafuta chaja njiani, hapa unageuka kuwa nusu lita au lita moja ya petroli siku ambazo hali ya hewa ni mbaya.

Ndivyo inavyokuwa katika safari yangu. Siku kavu na yenye joto la wastani, ninafika nyumbani bila injini kuwaka. Siku ya baridi kali yenye upepo wa mbele, matumizi hupanda hadi kilowati-saa 20 kwa kilomita 100, na kilomita 20 hadi 30 za mwisho huendeshwa kwa umeme wa jenereta, kwa chini ya lita mbili za petroli. Injini ikifanya kazi, ulaji wake ni lita 6 hadi 7 kwa kilomita 100, sawa na gari dogo la kawaida. Kwa hiyo anayetarajia kuendesha nusu ya safari yake kwa petroli atakuwa amenunua gari la petroli lenye tangi dogo mno, litakalomsimamisha kituoni kila baada ya kilomita 130 hivi.

Injini hujiwasha yenyewe betri ikishuka chini kidogo ya asilimia 7. Ukiwa barabara kuu, huenda usiisikie kabisa, kwa sababu kelele ya matairi na upepo huifunika. Alama kwenye kioo cha dashibodi ndiyo hukuarifu. Ukiingia kwenye foleni hali hubadilika: unasikia mngurumo mwepesi kwa nyuma, kama pikipiki ndogo inayokufuata isiyotaka kukupita, na ukisimama kwenye taa mara nyingi hunyamaza. Mtikisiko ni mdogo, na nguvu ya gari unapokanyaga haibadiliki, maana mota ni ile ile na bado inachota kwenye betri.

Mpaka wa mfumo huu uko kwenye zile kilowati 25, na mnunuzi anapaswa kuuelewa vizuri kabla ya kutoa fedha. Kwa mwendo thabiti wa kilomita 110 kwa saa kwenye tambarare, gari huhitaji kama kilowati 18 hadi 20, kwa hiyo jenereta inatosha na inabaki na ziada. Kwa kilomita 130 kwa saa mahitaji hufikia au kupita uwezo wa jenereta. Mlima ndio mtihani wenyewe. Gari lenye dereva lina uzito unaozidi kilo 1,500, na kupanda mwinuko wa asilimia 5 kwa kilomita 100 kwa saa huongeza kama kilowati 20 juu ya zile za kawaida. Tofauti hiyo yote lazima itoke kwenye betri, ambayo wakati huo imebakiwa na kiasi kidogo sana. Mwinuko ukiwa mfupi hutahisi chochote. Ukiwa wa dakika nyingi, akiba itaisha na gari litapunguza mwendo hadi ule ambao jenereta peke yake inaumudu, na kuwa mzito hivyo katikati ya malori na magari yaendayo kasi ni hatari.

Dawa yake ipo, ila haipo katika kila gari. Magari yaliyouzwa Ulaya yana chaguo kwenye menyu linalomruhusu dereva kuiwasha injini mapema, betri ikiwa chini ya asilimia 75, ili kiwango cha umeme kibaki pale kilipo. Anayejua kwamba mlima mrefu uko mwishoni mwa safari huiwasha akiwa bado tambarare, akaufikia mlima akiwa na betri ya kutosha. Katika magari ya soko la Marekani chaguo hilo lilifungwa, kwa sababu kanuni za California kwa kundi hilo la magari zilitaka injini isubiri hadi betri ikaribie kuisha. Wapo wamiliki waliolifungua kwa kubadilisha mipangilio ya programu. Kwa maoni yangu, mtu mwenye njia ya milima asinunue REx isiyo na chaguo hili. Mwenye njia ya tambarare anaweza kuishi bila kulihitaji.

Baridi nayo inastahili neno. Toleo la umeme tupu la i3 liliweza kuwekewa pampu ya joto, ambayo hupasha chumba kwa umeme kidogo, lakini REx haikupewa, na hita yake ya kawaida hula kilowati kadhaa inapoanza kazi. Nimezoea kuiwekea saa ya kuondoka asubuhi, gari likiwa bado kwenye chaja, ili chumba na betri vipashwe kwa umeme wa ukutani. Faida yake huonekana mara moja: makadirio ya masafa hayaporomoki katika kilomita za kwanza, na breki ya mota, yaani mota kupunguza kasi ya gari huku ikirudisha umeme kwenye betri, hufanya kazi tangu mwanzo, jambo ambalo betri baridi hailiruhusu ipasavyo. Joto la kiti hutumia umeme kidogo sana kuliko hita, nami hulitegemea zaidi njiani.

Hiyo breki ya mota ndiyo raha kubwa ya kuendesha gari hili kila siku. Ukiondoa mguu kwenye kanyagio la mwendo, gari hupunguza kasi kwa nguvu huku likirudisha umeme kwenye betri, na dereva aliyelizoea hupita foleni nzima bila kugusa breki. Mwisho wa safari ndefu, mguu na kichwa huwa vimechoka kidogo kuliko nilivyozoea katika gari la gia za kawaida. Viti viko juu, vioo vinaonyesha mbali, na gari hugeuka mahali padogo mno. Upepo wa ubavuni, kwa upande mwingine, hulisukuma gari hili refu la kwenda juu lenye matairi membamba, na usukani mwepesi hudai mikono yote miwili kwenye madaraja na sehemu za wazi. Milango ya nyuma hufunguka kinyume, tena baada ya ile ya mbele tu. Kwa mtu anayesafiri peke yake si kitu, kwa anayeshusha watoto shuleni kila asubuhi ni kero ya kweli.

Kuhusu chaji nitasema machache. Kwa chaja ya ukutani ya kilowati 7.4, betri ya 94 Ah hujaa kwa saa nne hivi. Kwa soketi ya kawaida ya nyumbani huchukua saa 12 au zaidi, na kwa safari ndefu ya kila siku hapo usiku unakuwa mfupi. Chaji ya haraka ya kilowati 50 ilikuwa ni ya kuagizwa zaidi katika masoko mengi, kwa hiyo fungua kifuniko cha tundu la chaji na uangalie kama kuna pini mbili nene chini ya zile za kawaida. Kama hazipo, usitegemee kuziongeza baadaye.

Katika ukaguzi wa gari lililotumika, jambo la kwanza ni uwezo halisi wa betri. Gari lina menyu ya siri ya ukaguzi kwenye kioo cha dereva, na mstari ulioandikwa Batt. Kapa. Max huonyesha kilowati-saa zilizobaki. Namba hiyo hupanda na kushuka kidogo kulingana na joto na namna betri ilivyochajiwa, kwa hiyo isomwe kama makadirio, lakini ni bora mara mia kuliko maneno ya muuzaji. Pili, ulizia historia ya servisi ya injini ya petroli. Injini ambayo mmiliki anajivunia kwamba hakuiwasha kamwe si sifa. Gari lenyewe huiwasha kwa dakika chache kila baada ya muda mrefu wa kukaa kimya, kwa sababu oili na petroli hazipendi kulala, na oili hiyo hubadilishwa kwa kalenda hata kama kilomita zake ni chache. Tangi limefungwa kwa shinikizo, na kifuniko chake, kilicho kwenye ubavu wa mbele, hufunguka baada ya kubonyeza kitufe na kusubiri kidogo. Lifungue mbele ya muuzaji. Likigoma, kuna hitilafu ya kulipiwa.

Sikiliza pia kompresa ya kiyoyozi. Gesi inayopoza chumba ndiyo hiyo hiyo inayopoza betri, na kompresa ikisagika, vipande vya chuma husambaa katika mabomba yote hadi kwenye betri; hiyo ni moja ya hitilafu za gharama kubwa zaidi katika gari hili. Betri ndogo ya volti 12 iliyo chini ya boneti ni hadithi nyingine kabisa: ikichoka, huleta maonyo mengi yasiyohusiana, na kuibadilisha mapema humwokoa mtu na hofu na gharama za fundi zisizo na sababu. Matairi yaingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Vipimo vyake, 155/70 mbele na 175/60 nyuma kwenye rimu ya inchi 19, havitumiwi na magari mengi mengine, watengenezaji wake ni wachache, na gari halibebi tairi la akiba. Anayesafiri mbali kila siku aagize jozi inayofuata kabla ya ile iliyopo kuisha.

Kuhusu betri ya kuchagua, ninapendekeza 60 Ah kwa mtu ambaye safari yake yote haizidi kilomita 90, au mwenye chaja ya uhakika kazini. Kati ya hapo na kilomita 160, tafuta 94 Ah, hata ikibidi kusubiri. Ikiwa safari yako ya kila siku inapita kilomita 180 na kazini hakuna pa kuchaji, petroli itakuwa sehemu ya kila jioni, na gari la umeme tupu lenye betri kubwa zaidi litakufaa kuliko hili.