Deutschlandticket kwa mwanafunzi wa kubadilishana: inafaa, ila ijue mipaka yake

Tikiti hii ya mwezi ya usafiri wa umma nchini Ujerumani ilianza Mei 2023 kwa yuro 49. Mwaka 2025 ilifika yuro 58. Kabla ya kununua, uliza chuo chako: vyuo vingi vya Ujerumani huitoa kwa bei nafuu ndani ya ada ya muhula, na wengi hulipa mara mbili bila sababu.

Inakubalika kwenye mabasi ya mjini, tramu, U-Bahn (treni za chini ya ardhi), S-Bahn (treni za mjini na vitongojini) na treni za mikoa za RB na RE, nchi nzima. Treni za masafa marefu za ICE, IC na FlixTrain hapana. Ukipanda ICE nayo, utahesabiwa huna tikiti.

Kwa kutalii ni nzuri mno. Kutoka jiji la München hadi mji wa Füssen ni kama saa mbili kwa treni ya mkoa, kisha basi la kwenda kasri la Neuschwanstein. Kiingilio cha kasri unalipa mwenyewe. Hata Salzburg, Austria, inakufikisha.

Tembea na kitambulisho, maana tikiti ina jina lako. Ukiinunua mwenyewe, inajirudia na kukatwa pesa kila mwezi: isitishe kabla ya tarehe 10, la sivyo utakatwa mwezi unaofuata hata kama umesharudi nyumbani.