Kuasili ndovu wa Sheldrick kwa ajili ya mtoto anayedai mnyama wa pili

Mtoto ambaye tayari ana paka na sasa anataka mbwa hashindwi kwa hoja. Hushindwa na mkataba wa nyumba. Katika fleti nyingi za Nairobi, paka huvumiliwa kwa sababu hasikiki, lakini mbwa anayebweka saa tisa za usiku humfikisha mpangaji mbele ya msimamizi wa jengo kabla ya wiki kuisha. Kaka yangu na mkewe wanaishi South C katika nyumba ya namna hiyo, wote wawili hutoka asubuhi na kurudi jioni, na mchanga wa paka, ambao binti yao aliapa kuubadilisha mwenyewe, hubadilishwa na mama yake. Binti huyo ana miaka tisa. Alipokataliwa mbwa aliomba sungura, alipokataliwa sungura aliomba kobe, na alipokataliwa kobe alikata rufaa kwangu, kwa imani kwamba shangazi hajui kukataa.

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile niliyomlipia kwa idhini ya wazazi wake: mpango wa kuasili ndovu yatima kwa mbali unaoendeshwa na Sheldrick Wildlife Trust, shirika lililoanzishwa mwaka 1977 na lenye kituo cha kulelea ndama wa ndovu ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Nimeitathmini kwa swali moja tu, ambalo nadhani ndilo wazazi wengi wangependa kujibiwa: je, humtosheleza mtoto aliyeambiwa kwamba hapati mnyama mwingine?

Malipo huanzia dola 50 za Marekani kwa mwaka kwa kila yatima, yaani kama shilingi 6,500. Mlipaji huchagua yatima mmoja kwenye tovuti ya shirika, kisha hupokea kwa barua pepe cheti chenye jina la aliyeasili, historia ya ndama huyo na jinsi alivyookolewa, na kila mwezi taarifa kutoka kituoni, pamoja na picha ya rangi za maji iliyochorwa na Angela Sheldrick, anayeliongoza shirika hilo. Hakuna kitu cha kushikwa mkononi isipokuwa kile utakachochapisha mwenyewe. Wapo watakaosema kwamba fedha hizo ni nyingi kwa karatasi. Mimi nimewahi kufuga mbwa, na najua kwamba kiasi hicho hakimlishi mbwa mwaka mzima hata ukiongeza makombo ya nyumbani, na bado hujamlipa daktari wa mifugo wala hujagusa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Sehemu ya kuchagua ndiyo iliyonishangaza kwa uzuri wake. Nilidhani mtoto angechagua kwa sura, kama wanavyochagua watoto wa mbwa wanaouzwa kando ya barabara, lakini historia za yatima zimeandikwa kwa namna inayomlazimu msomaji kuuliza maswali. Mpwa wangu alisimama kwa ndama aliyetolewa kisimani Samburu. Wafugaji wa huko huchimba visima virefu katika mito iliyokauka ili wapate maji ya mifugo. Ndovu nao huja kunywa usiku, na ndama anapojaribu kufikia maji yaliyo chini huteleza na kutumbukia. Kundi likishindwa kumtoa, huondoka kunapokucha watu wakikaribia. Mpwa wangu alitaka kujua kwa nini mama wa ndama hakungoja. Nilimweleza nilivyoweza, na jioni ile neno mbwa halikutajwa.

Kuasili peke yake, hata hivyo, hakumalizi kazi kwa mtoto wa umri huo. Ziara ndiyo inayoipa huduma hii uzito, na ningemshauri mzazi asiitenganishe na malipo. Kituo hupokea wageni kwa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na nafasi huwekwa mapema. Wageni husimama nyuma ya kamba kuzunguka uwanja wenye kidimbwi cha matope. Ndama wadogo huletwa kwanza, wakikimbia mbele ya watunzaji wao waliovaa makoti ya kijani, kwa kuwa wanajua chupa za maziwa ziko wapi. Aliyekaribia kamba upande wetu alinyonya chupa nzima bila kupumzika, maziwa yakimchuruzika kidevuni, kisha akaanza kuivuta chupa ya mwenzake kwa mkonga mpaka mtunzaji akamsukuma kwa bega. Wakubwa zaidi hushika chupa wenyewe. Wakati huo mtunzaji mmoja huzungumza kwa kipaza sauti, akitaja jina la kila ndama, alikotoka na kilichompata.

Yule mtunzaji alieleza pia kwamba ndama hunyweshwa maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na kwamba watunzaji hulala mabandani pamoja na wadogo. Maelezo hayo yalifanya kazi ambayo mahubiri ya wazazi hayakuifanya. Mtoto aliyeshindwa na mchanga wa paka aliniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, saa tisa usiku pia?" Nikamwambia ndiyo, na saa kumi na mbili tena.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi huondoka bila kulijua, nami nalihesabu kuwa kiini cha thamani ya kituo hiki. Daphne Sheldrick, mwanzilishi wake aliyefariki mwaka 2018, alihangaika kwa miaka mingi kutafuta maziwa yatakayomfaa ndama asiye na mama, kwa sababu mafuta ya maziwa ya ng'ombe humdhuru. Hatimaye maziwa yenye mafuta ya nazi ndiyo yaliyoleta nafuu. Ndama aliyemlea kwa maziwa hayo aliitwa Aisha, naye alikuwa akistawi. Alipofikisha karibu miezi sita, Daphne alisafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake na kumwachia mtu mwingine, na Aisha, aliyekuwa amemzoea mlezi mmoja tu, alikataa kula akafa. Ndiyo sababu watunzaji wa leo hupokezana, na ndama halali na mtu yuleyule kila usiku. Nilimsimulia mpwa wangu kisa hiki tukiwa njiani kurudi. Wiki hiyohiyo baba yake alinipigia simu kulalamika kwamba ameshapangiwa zamu ya kumlisha paka, eti paka asije akafa kwa huzuni watu wakienda mashambani Disemba.

Sasa nije kwenye mipaka ya huduma yenyewe, ambayo mzazi anapaswa kuifahamu kabla ya kutoa ahadi. Ndovu huyu hatakuwa wa mtoto wako hata kwa siku moja. Yatima mmoja huasiliwa na watu wengi duniani kote, na lengo la kituo ni kumrudisha porini. Akifikisha umri wa takriban miaka mitatu huhamishiwa katika vituo vya Tsavo, kama vile Voi na Ithumba, au katika msitu wa Kibwezi, na huko huanza kuchangamana na ndovu wa porini, safari ambayo inaweza kuchukua hata miaka kumi. Mtoto aliyemwona uwanjani mwaka huu huenda mwaka ujao asimkute. Mpwa wangu alipolielewa hilo alinuna kwa muda, akasema kwamba basi amelipiwa ndovu wa wenyewe. Sikumbishia, maana alikuwa amesema kweli. Kilichomrudisha ni taarifa za kila mwezi, hasa zile zinazoeleza nani kamnyang'anya nani chupa na nani kakataa kurudi bandani. Zimeandikwa kwa Kiingereza cha watu wazima, kwa hiyo mtoto wa darasa la nne atahitaji mtu wa kusoma naye.

Kwa mtoto anayetamani kitu cha kukumbatia, huduma hii haifai, na mzazi anayeileta kama mbadala wa mbwa atajitafutia ugomvi. Inamfaa yule anayependa kuuliza, kufuatilia na kusimulia wenzake. Kuhusu kobe, ambaye watoto wengi hudhani ni ombi la kiasi, ni vizuri ieleweke kwamba kobe wetu ni mnyamapori, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga bila leseni. Sijui mpwa wangu alilitoa wapi wazo hilo, ila alishangaa kusikia kwamba mtu anaweza kupelekwa kortini kwa ajili ya kobe.

Familia yenye uwanja, ambayo "hapana" yake ni ya muda tu, ingefaa kwanza ipitie KSPCA, shirika la kutetea na kutunza wanyama, kule Karen, ambako mbwa na paka walioachwa hutafutiwa makao mapya, kuliko kununua mtoto wa mbwa kwenye foleni ya magari asiyejulikana umri wala chanjo. Kwa waliofungwa na mkataba kama kaka yangu, nimeridhika na nilichokilipia, na tumekubaliana kwamba mwakani atalipa yeye.

Anayetaka kwenda na asome kwanza viwango vya malipo na masharti wakati wa kuweka nafasi, kwa kuwa hubadilika, na asimtajie mtoto tarehe kabla nafasi haijathibitishwa, hasa likizo ya Agosti. Mlango wa wageni ni ule wa Mbagathi, kwenye barabara ya Magadi. Matatu za Rongai, 125 na 126, hupita hapo, lakini bado kuna mwendo wa kutoka barabarani hadi kituoni. Viatu vyeupe vibaki nyumbani, kwa sababu ndama anayetoka kwenye matope hajali kamba iko wapi.