Seti ya kutolea bolti zilizolika: soketi sawa, izi-auti hapana

Sitazunguka: nina hasira na seti hii. Ni lile boksi jekundu la plastiki linalouzwa Kariakoo na kupigiwa debe mitandaoni kwa video ambazo kila bolti inatoka ndani ya sekunde chache. Ndani mna soketi zenye meno ya kujipinda, na mna izi-auti, vile vyuma vyembamba vyenye uzi wa kushoto vya kung'olea shina la bolti iliyokatika. Izi-auti moja imekatikia ndani ya bolti.

Bolti yenyewe ndogo tu, M6 (yaani uzi wa milimita 6) ya spana namba 10, ya lile bati la kukinga joto juu ya manifoldi ya eksozi ya Toyota. Hizi hukatika sana kwa sababu zinapikwa na kupoa kila siku, na gari zinazolala karibu na bahari kutu haziishi. Kichwa kilikatika, shina likabaki. Nikasawazisha juu kwa faili, nikapiga panchi katikati kabisa, nikatoboa tundu la milimita 3, oili ya kupenyeza kutu ikalala humo usiku kucha. Izi-auti nikaigonga taratibu na kuishika kwa mkono wa tepu (tepu ni kile chuma cha kukatia uzi), ili nguvu iende sawa pande zote mbili. Haikuzunguka hata robo. Ikakatika kama chaki, usawa wa shina.

Na hapo ndipo balaa linapoanza. Chuma cha izi-auti ni kigumu mno kwa biti za kawaida za kutobolea chuma, zile za HSS. Ukijaribu kukitoboa, biti inateleza pembeni na kula chuma laini cha manifoldi. Kinachobaki ni biti ya kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi, au kukipasua vipande vipande kwa panchi ngumu, maana ni kigumu lakini hakina unyumbufu. Vaa miwani, vipande vinaruka.

Nilirudi dukani. Muuzaji hata boksi hakulifungua. Akasema mali ikishatoka imetoka, na kwamba mafundi wa nyumbani ndio wanaoharibu vifaa. Nimweleze nini mtu huyo? Bolti nzima ya milimita 6 imeshindwa na kutu mpaka ikakatika. Chuma cha milimita 3 kitaishindaje kutu ileile? Tena izi-auti hizi zina umbo la pia: kadiri zinavyozama ndivyo zinavyotanua shina la bolti, nalo linazidi kubana kwenye ukuta wa tundu. Kwenye bolti nyembamba ukuta unaobaki ni mdogo, kwa hiyo unatanuka upesi. Halafu boksi limeandikwa kwamba linafaa kuanzia M3!

Kwa haki, soketi ni kitu kingine kabisa. Bolti ya kumwagia oili ya namba 14, iliyolika pembe kwa spana ya ringi ya pembe 12, ilitoka bila kelele. Safisha kichwa, chukua soketi inayokataa kuingia kwa mkono, igonge kwa nyundo mpaka ikae, kisha zungusha polepole bila kurusharusha. Bolti itanasa ndani ya soketi. Isukume kwa panchi kupitia tundu la mraba. Usiirudishe. Nunua mpya na washa yake, na kwa injini nyingi ndogo za Toyota kaza kama Nm 37 hadi 40 kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, isije ikalika tena.

Kwa hizo soketi nilitaka kuipa seti nyota tatu. Na pengine izi-auti kubwa zina kazi yake: bolti ya M10 iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi, isiyo na kutu, inaweza kutoka. Lakini anayenunua boksi hili hana bolti ya namna hiyo. Ana ya M6 yenye kutu, na boksi linampa chuma cha kumwongezea hasara. Nyota moja.

Shina la M6 likikatika, anza na biti za kushoto, zile zinazotoboa zikizungushwa upande wa kufungulia bolti. Mara nyingi bolti hutoka yenyewe wakati unatoboa. Likigoma, chomoa waya wa hasi wa betri, futa oili yote, weka nati ya M8 juu ya shina na uchomelee kwa ndani. Joto la kuchomelea ndilo linalovunja kutu. Subiri wekundu uishe, gusisha nta ya mshumaa, zungusha mbele na nyuma, kidogo kidogo. Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Mwisho kabisa toboa milimita 5 na upitishe tepu ya M6 x 1.0, ukiwa katikati sawasawa, uzi wa zamani unapona.