Safari ya meli hadi mlangobahari wa Lemaire: lipia nini, acha nini

Vipeperushi vya safari za Antaktika huuza picha ya Lemaire kana kwamba kupita ni haki ya aliyelipa. Sivyo. Njia yenyewe ina urefu wa kilomita 11 hivi kati ya bara na kisiwa cha Booth, na panapobana ni mita mia kadhaa tu. Upepo ukisukumia barafu ndani, nahodha hugeuza na kuzunguka nje ya Booth. Kwa kawaida tiketi haina fidia kwa hilo, basi soma masharti. Novemba barafu huziba mara nyingi zaidi. Kuanzia Januari nafasi ni nzuri, na Februari nyangumi huongezeka.

Chumba chenye roshani ni kupoteza pesa hapa, kwani kinaonyesha ukuta mmoja. Pa kusimama ni omo, yaani mbele kabisa ya meli: ikielekea kusini, vilele pacha vya Una viko kushoto mlangoni, Booth kulia. Huduma nzuri ni ile inayotangaza mapema, ikafungua sitaha ya mbele na kwenda polepole. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, baridi huimaliza.

Cha kulipia ni udogo wa meli. Kanuni za waendeshaji haziruhusu zaidi ya abiria 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, na meli yenye zaidi ya 500 haishushi mtu. Penye abiria 200, nusu wanangoja. Tofauti huonekana ukitoka kusini, kwenye kisiwa cha Pléneau, ambako siwa za barafu hukwama kwenye maji mafupi na boti za mpira hupenya katikati yake. Kwangu hapo panaishinda Lemaire yenyewe.

Jina je? De Gerlache, mpelelezi Mbelgiji aliyepita na meli yake Belgica mwaka 1898, alimtunuku Charles Lemaire, afisa wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji; Lemaire alitawala wilaya ya Équateur, Kongo. Mhadhiri wa meli akilitaja jina na kupita, muulize kuhusu utawala huo.

Dawa ya kichefuchefu imezwe meli ingali kwenye maji tulivu ya mfereji wa Beagle, ncha ya Amerika Kusini. Ukingoja mawimbi ya Drake, bahari ya kuvukia hadi Antaktika, utaitapika. Viatu na mifuko husafishwa mbegu na kutiwa dawa kabla ya kushuka, na nguo zenye vibandiko vya kunata (velcro), vinavyonasa mbegu, ndizo huchelewesha foleni.

Kabla ya kulipa, uliza mawili: abiria wangapi, na Lemaire ikifungwa mnakwenda wapi. Nyota nne.